Gemu Mpya na Masasisho ya Konsoli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu PlayStation 4 na 5, Xbox One, Xbox Series X na S, na Nintendo Switch zote mbili. Majina ya menyu yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini, kwa kuwa konsoli hizi hazina menyu za Kiswahili. Kama yako imekwama saa hii, ruka hadi swali la konsoli iliyokwama. Mengine yanaweza kungoja.

Sasisho la mfumo na sasisho la gemu yanatofautianaje?

Sasisho la mfumo ni la konsoli yenyewe: menyu, usalama, mtandao, mawasiliano na televisheni. Hutoka kwa Sony, Microsoft au Nintendo. Sasisho la gemu, yaani kiraka, hutoka kwa waliotengeneza gemu na huigusa gemu hiyo peke yake, ingawa kabla ya kutolewa hupita kwa kampuni ya konsoli likaguliwe kwanza. Ndiyo sababu hitilafu iliyokwisha kurekebishwa kwenye kompyuta wakati mwingine huchelewa siku kadhaa kufika kwenye konsoli.

Aina hizi mbili hukutana mahali pamoja: kiraka kipya huweza kudai toleo fulani la mfumo. Gemu iliyokuwa ikifunguka jana ikikataa leo, angalia mfumo kwanza kabla ya kuifuta gemu.

Aina ya tatu husahaulika, nayo ni sasisho la pedi. DualSense husasishwa ikiwa imechomekwa kwenye PS5 kwa waya wa USB, kupitia Settings, Accessories, kisha Controllers. Hakikisha waya unapitisha data; nyaya nyingi za kuchajia simu hupitisha umeme tu, na konsoli itakaa ikikuambia uunganishe pedi ambayo unaona kwa macho yako kwamba imeunganishwa.

Nimenunua diski. Mbona bado naambiwa nipakue?

Diski huchapwa wiki kadhaa kabla ya siku ya kutoka kwa gemu, na watengenezaji hawalali wiki hizo. Kazi yao ya muda huo ndiyo kiraka cha siku ya kwanza. Kwa gemu nyingi, toleo la kwenye diski huchezeka lakini lina kasoro zilizokwisha kutibiwa. Kwa chache, diski ina sehemu tu ya gemu na iliyobaki lazima ishushwe.

Kwenye Switch 2 kuna jambo la kusoma kwenye kasha kabla ya kulipa. Baadhi ya kadi ni za ufunguo tu: hazina gemu ndani, zinakupa ruhusa ya kuipakua, na hata baada ya kupakua utalazimika kuiacha kadi ndani kila unapocheza. Kasha lake huwa na alama mbele inayosema hivyo. Street Fighter 6 ya Switch 2 ni ya namna hiyo. Cyberpunk 2077, ambayo ni nzito kuliko hiyo, imo nzima kwenye kadi ya GB 64. Kwa hiyo usihukumu kwa ukubwa wa jina wala wa gemu, soma kasha.

Naweza kucheza bila kusasisha?

Gemu ya mchezaji mmoja, mara nyingi ndiyo. Katisha intaneti, futa gemu, isakinishe upya kutoka kwenye diski, utapata toleo lililochapwa. Wanaoshindana kumaliza gemu kwa kasi hufanya hivyo makusudi kwa sababu matoleo ya mwanzo yana mianya iliyozibwa baadaye. Tahadhari ni moja: sevu, yaani maendeleo uliyohifadhi, iliyotengenezwa na toleo jipya kwa kawaida haifunguki kwenye toleo la zamani.

Kucheza mtandaoni bila kusasisha, hapana. Seva hudai wachezaji wote wawe na toleo moja, la sivyo mmoja ataona ukuta mahali ambapo mwenzake anapita.

Na mfumo wenyewe ukishapanda haurudi chini. PlayStation hukataa faili la toleo la zamani. Switch ya kwanza ina fyuzi za kielektroniki ndani ya chipu ambazo huchomwa na baadhi ya masasisho, na fyuzi iliyochomwa haiponi. Anayekuahidi kukurudishia mfumo wa zamani kwa flashi ya kawaida anakudanganya.

Kwa nini kiraka kinachorekebisha jambo dogo kina GB 20?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo ina haki kiasi. Lakini sababu si uzembe peke yake.

Gemu haikai kwenye hifadhi kama maelfu ya picha na sauti zilizotapakaa. Hufungwa katika mafaili makubwa machache, yakabanwa na kufichwa kwa msimbo wa siri ili yasomwe haraka na yasichezewe. Watengenezaji wakibadilisha sauti moja ndani ya faili la GB 10, mpangilio wa vinavyofuata huweza kusogea, na kila kilichosogea huonekana kwa mfumo kama kitu kipya. Mfumo hulinganisha vipande, si maana. Studio inayopanga mafaili yake kwa uangalifu hutoa kiraka cha MB 300. Isiyojali hutoa GB 30 kwa marekebisho yaleyale. Ukitaka kujua studio inaheshimu bando lako au la, tazama historia ya viraka vya gemu yake iliyopita.

Kizazi cha PS4 na Xbox One kilikuwa na mzigo mwingine. Diski kuu za kuzunguka husoma taratibu, na kichwa cha kusomea kikirukaruka huku na huko ndiyo hupotea muda mwingi zaidi. Dawa ilikuwa kurudufu: kitu kilekile kinawekwa mahali pengi ili kila mtaa wa gemu uwe na nakala yake karibu. Mark Cerny, mbunifu mkuu wa PS5, alieleza mwezi Machi 2020 kwamba katika Marvel's Spider-Man ya PS4 vipande vingine vya data vilirudiwa mara 400. SSD ya PS5, hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka na inayosoma GB 5.5 kwa sekunde, haihitaji ujanja huo, ndiyo maana gemu ileile mara nyingine ni nyepesi kwenye PS5 kuliko kwenye PS4.

Kiraka ni GB 5. Konsoli inadai nafasi mara kumi ya hapo. Kwa nini?

Kama ni PS4, ni kawaida yake. PS4 haibandiki kiraka juu ya gemu iliyopo. Hutengeneza nakala mpya ya gemu pamoja na mabadiliko, ikishakamilika ndipo inafuta ya zamani. Gemu ya GB 80 basi inahitaji takriban GB 80 za wazi, pamoja na za kiraka chenyewe. Hiyo ndiyo hatua inayoandikwa Copying, na kwenye diski kuu ya kuzunguka huchukua muda mrefu hata kama upakuaji ulikuwa wa dakika mbili.

Wakati mwingine kufuta gemu na kuipakua upya ni haraka kuliko kusubiri kunakili. Hesabu kwanza kasi ya intaneti yako. Kufuta gemu hakufuti sevu kwenye PS4 wala PS5, kwani hukaa mahali tofauti. Kwenye Switch, chagua Delete Software, si Delete Save Data. Vitufe hivyo vimetenganishwa kwa makusudi, lakini mkono una haraka zake.

Nitajuaje upakuaji utachukua muda gani?

Usisome makadirio ya konsoli katika dakika tano za mwanzo. Hupanda na kushuka ovyo. Piga hesabu. Kasi ya intaneti hutajwa kwa megabiti, ukubwa wa gemu kwa gigabaiti, na baiti moja ni biti nane. Gemu ya GB 50 kwa kasi ya Mbps 10 ni takriban saa 11. Kwa Mbps 25, saa nne na nusu. Kwa Mbps 100, saa moja na dakika saba. Hizo ni hesabu za kasi kamili isiyoyumba, kwa hiyo ongeza robo ya muda.

Mambo yanayoongeza kasi kweli, kwa mpangilio wa manufaa: waya wa mtandao badala ya Wi-Fi, Wi-Fi ya GHz 5 badala ya GHz 2.4 kama ruta iko chumba kilekile. Kufunga kabisa gemu iliyo wazi, maana Xbox hupunguza kasi ya kupakua ikiwa kuna gemu inayoendelea, hata ukiwa umeisimamisha tu. Kubadilisha DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, iwe 1.1.1.1 au 8.8.8.8 husaidia pale tu DNS ya mtoa huduma inapokuelekeza kwenye seva ya mbali. Wengine huona tofauti kubwa, wengi hawaoni chochote.

Nina bando dogo. Nifanyeje masasisho yasilimalize?

Zima yale yanayojiendesha yenyewe, kisha uchague la kushusha.

Kwenye PS5 ingia Settings, Saved Data and Game/App Settings, kisha Automatic Updates, uzime kupakua na kusakinisha kwenye hali ya kupumzika. La mfumo liko kwingine: System, System Software, System Software Update and Settings. Watu huzima la kwanza wakadhani wamemaliza. Kwenye Xbox ni Profile & system, Settings, System, Updates; kuna visanduku viwili, kimoja cha konsoli na kingine cha gemu na programu. Kwenye Switch ni System Settings, System, Auto-Update Software.

Kama unatumia intaneti ya simu, ipe konsoli Wi-Fi ya simu kwa muda wa kuingia tu, uone ukubwa wa sasisho, ndipo uamue. Ukubwa huonyeshwa kwenye orodha ya upakuaji kabla hata asilimia moja haijashuka.

Switch ina njia nzuri ambayo haitumiki ipasavyo. Ukikutana na mwenye gemu ileile iliyosasishwa, simama juu ya picha ya gemu, bonyeza +, ingia Software Update, kisha Match Version with Local Users. Konsoli mbili zitapeana kiraka zenyewe kwa mawimbi, bila intaneti kabisa. Kinachoshushwa ni kiraka tu. Gemu lazima uwe nayo.

Hifadhi imejaa. Ninunue nini?

Kwanza ujue uliyonayo. PS5 ya mwanzo imeandikwa GB 825 lakini zinazotumika ni takriban 667. Series X ya TB 1 hubakiza 802, na Series S ya GB 512 hubakiza 364. Gemu kubwa za siku hizi hufika GB 100 na kupita, kwa hiyo mwenye Series S ya GB 512 ana nafasi ya gemu tatu kubwa na viporo.

PS5 hupokea SSD ya M.2 ya kawaida, jambo lililoruhusiwa tangu sasisho la Septemba 2021. Masharti ni haya: PCIe Gen4 yenye njia nne, aina ya NVMe, GB 250 hadi TB 8, kasi ya kusoma MB 5,500 kwa sekunde au zaidi, na kipoza joto. Bila kipoza joto SSD hupata moto, hupunguza kasi yake yenyewe, na gemu huanza kukwama katikati ya mchezo. Kipimo ambacho wanunuzi hukisahau ni unene: jumla, pamoja na kipoza joto, usizidi milimita 11.25, na upana usizidi 25. Vipoza joto vingine vinavyouzwa kwa kompyuta ni vinene, na kifuniko cha nafasi hakitafunga.

Kuiweka: zima konsoli kabisa, si hali ya kupumzika. Chomoa nyaya zote na usubiri ipoe. Ilaze juu ya kitambaa laini na uvue ganda. Kwa bisibisi ya nyota namba 1, fungua skrubu ya kifuniko cha nafasi ya M.2, kisha skrubu ndogo iliyoshika kipete ndani. Hamishia kipete kwenye tundu linalolingana na urefu wa SSD yako. Nyingi ni 2280, yaani milimita 22 kwa 80. Ingiza SSD kwa mshazari hadi ifike mwisho, ilaze, ifunge kwa skrubu. Usikaze kwa nguvu zote, uzi wa skrubu hiyo ni laini. Rudisha kifuniko, kwa sababu mfumo wa kupoza umepigiwa hesabu kikiwapo. Ukiwasha, konsoli itaomba kuifomati SSD na kufuta kila kitu kilichomo, kisha itakuonyesha kasi iliyopimwa. Ikikataa kuitambua, tisa kwa kumi haijaingia hadi mwisho.

Diski ya nje ya USB huhifadhi gemu za PS5 lakini haizichezeshi; unazirudisha ndani kwanza. Gemu za PS4 huchezeka moja kwa moja kutoka huko. Kanuni inafanana kwenye Xbox Series: za kizazi kipya hutaka hifadhi ya ndani au kadi maalumu ya upanuzi, za zamani huridhika na USB 3.0 yenye angalau GB 128. Kuhamisha GB 100 kutoka kwenye diski ya nje bado ni haraka kuliko kuipakua, hivyo diski ya nje ya bei nafuu ni ghala zuri.

Switch ya kwanza hupokea microSD ya kawaida. Switch 2 hudai microSD Express. Kadi ya zamani ndani yake ni ya kuhamishia picha na video tu. Majina yanafanana na kadi zinafanana, na kosa hili ni rahisi kulifanya.

Umeme ukikatika katikati ya sasisho?

Ukikatika wakati wa kupakua, hakuna hasara. Konsoli itaendelea ilipoishia, au itaanza upya.

Ukikatika wakati wa kusakinisha gemu, gemu hiyo huweza kuharibika. Ifute uisakinishe tena. Ukikatika wakati wa kusakinisha mfumo, hapo ndipo pa kuogopa, na mara nyingi pana tiba: swali linalofuata. Penye umeme wa kuyumba, chomeka konsoli na ruta kwenye UPS, yaani betri ya akiba, kabla ya kuanza. Soma wati za UPS, si VA zake. VA ndizo zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, lakini wati ndizo zinazobeba mzigo, nazo ni chache zaidi. PS5 ya kwanza imeandikwa wati 350 kwa kiwango cha juu. Wakati wa kusasisha haifiki huko, ila ruta na televisheni nazo zina sehemu yao.

Usizime kwa kitufe kwa sababu tu mstari umesimama. Asilimia husimama wakati wa kuandika sehemu kubwa. Ipe saa nzima. Kama taa ya diski au feni bado inafanya kazi, ipe na nyingine.

Konsoli imekwama au haiwaki vizuri baada ya sasisho. Nianze wapi?

PS5: izime kabisa. Shikilia kitufe cha kuwashia. Utasikia mlio wa kwanza, endelea kushikilia, na baada ya kama sekunde saba utasikia wa pili. Achia. Hiyo ndiyo hali salama (Safe Mode), menyu ya dharura ya kurekebisha mfumo. Unganisha pedi kwa waya na ubonyeze kitufe cha PS, kwa sababu Bluetooth haifanyi kazi hapo. Fuata mpangilio huu wala usiruke hatua: kwanza chaguo la 1, kuwasha upya. Halafu la 5, kufuta kashe na kujenga upya hifadhidata. Hatua hii haifuti gemu wala sevu, na hutibu mengi, yakiwemo upakuaji uliong'ang'ania kwenye foleni na menyu zinazojikokota. Kisha la 3, kusasisha kwa intaneti au kwa flashi. La 6 na la 7 hufuta kila kitu. Hayo ni ya mwisho.

Kwa njia ya flashi: ifomati kwa FAT32 au exFAT. Tengeneza folda iitwayo PS5, ndani yake folda iitwayo UPDATE, zote kwa herufi kubwa. Pakua faili kutoka tovuti rasmi ya PlayStation na uliweke humo kwa jina PS5UPDATE.PUP. Makosa yanayofanya konsoli iseme haioni faili ni matatu: flashi iliyofomatiwa NTFS, folda moja imesahaulika, na kivinjari kilichoongeza namba kwenye jina kwa sababu ulishapakua faili hilohilo awali. Kuna faili la kusasisha na faili kubwa zaidi la kusakinisha upya. La pili ndilo la chaguo la 7. PS4 ni hivyohivyo, badilisha tu PS5 iwe PS4 kwenye majina.

Xbox: hapa flashi lazima iwe NTFS, kinyume kabisa na PlayStation, na wenye konsoli zote mbili hujikwaa hapo. Tumia ya GB 8 au zaidi. Pakua OSU1 kutoka tovuti ya Xbox, ifungue, unakili $SystemUpdate kwenye flashi bila kuiweka ndani ya folda nyingine. Chomoa umeme sekunde 30, urudishe. Shikilia kitufe cha kuunganishia pedi pamoja na cha kutolea diski, bonyeza cha kuwashia, na uendelee kushikilia viwili vya mwanzo sekunde 10 hadi 15 mpaka usikie milio miwili. Series S haina diski, kwa hiyo ni kitufe cha kuunganishia peke yake. Chagua Offline system update.

Switch: shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 12 au zaidi ili kuizima kwa lazima. Ikishazimika, shikilia vitufe vyote viwili vya sauti kisha bonyeza cha kuwashia. Humo kuna chaguo la kurudisha konsoli mwanzo bila kufuta sevu, na ndilo la kujaribu.

Sevu zangu ziko salama?

Inategemea unacheza wapi, na tofauti ni kubwa. Xbox hupeleka sevu mawinguni bure, mradi umeunganishwa. Gemu za PS4 zinaruhusu kunakili sevu kwenye flashi. Sevu za gemu za PS5 haziruhusu. Njia ya kawaida ni ya mawinguni, na hiyo hutaka uwe umelipia PlayStation Plus. Kwenye Switch sevu hukaa kwenye kumbukumbu ya ndani daima, hata gemu ikiwa kwenye microSD, kwa hiyo kuchomoa kadi ukaiweka kwenye Switch nyingine hakuhamishi maendeleo yako. Mawingu yake ni ya waliolipia Nintendo Switch Online, na baadhi ya gemu haziruhusiwi.

Kabla ya sasisho kubwa la mfumo, peleka sevu mawinguni kwa mkono, usingoje ziende zenyewe.

Ninunue gemu mpya siku ya kwanza au nisubiri?

Subiri wiki mbili, isipokuwa kama raha yako ni kucheza mtandaoni wakati umati bado upo. Hasara ya kusubiri ni ndogo. Ya kutosubiri mara nyingine ni kubwa. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na wiki moja baadaye Sony iliiondoa dukani kwa jinsi ilivyokuwa ikivunjika kwenye PS4. Ilirudi Juni 2021. Toleo la 2.0 la Septemba 2023 liliigeuza kuwa gemu nzuri sana, lakini wenye PS4 na Xbox One hawakupewa toleo hilo. Tarehe hiyo ya 2023 ndiyo ya kuikumbuka: ahadi ya kurekebisha huweza kutimizwa kwenye konsoli usiyokuwa nayo.

No Man's Sky ya 2016 ni mfano wa upande wa pili. Ilitoka ikiwa pungufu ya matarajio, ikapewa masasisho makubwa ya bure mwaka hadi mwaka. Na kwa zile zinazoishi kwa seva tu, subira ina thamani zaidi: Concord ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 na kuzimwa tarehe 6 Septemba mwaka huohuo. Wanunuzi walirudishiwa pesa, jambo ambalo si la kutegemea.

Ukitazama video za kukagua gemu, hakikisha zimechukuliwa kwenye konsoli yako hasa. Video ya PS5 Pro haikuambii chochote kuhusu Series S.

Naweza kurudishiwa pesa gemu ikiwa mbovu?

PlayStation Store hutoa siku 14 tangu kununua, mradi hujaanza kuipakua. Hapo kuna mtego: ukinunua mapema na upakuaji wa kujiendesha ukiwa umewashwa, konsoli inaanza kushusha gemu ukiwa umelala na haki yako inakwisha. Uzime wakati wa kulipia. Xbox ina siku 14 pia na huangalia umecheza kiasi gani. Nintendo huhesabu mauzo mengi ya kidijitali kuwa ya mwisho. Diski hufuata kanuni za duka ulikoinunua, na ina faida kwamba unaweza kuiuza.

Nichague ubora wa picha au kasi ya fremu?

Kasi. Fremu 60, yaani picha 60 kwa sekunde, hupunguza muda kati ya kubonyeza na kuona, jambo ambalo mikono huligundua kabla ya macho. Ukiwa na televisheni ya Hz 120, jaribu pia hali ya fremu 40 pale ilipo. Hugawika sawasawa ndani ya 120 na huacha nguvu nyingi kwa picha. VRR, yaani televisheni kubadilisha kasi yake ifuate ya fremu, ambayo PS5 iliipata Aprili 2022, hulainisha fremu zinazoyumba lakini hutaka televisheni inayoikubali.

Gemu inajizima yenyewe na namba CE-108255-1. Ni konsoli au gemu?

Hiyo ni namba ya jumla ya PS5 inayosema programu imevunjika. Kwenye PS4 nduguye ni CE-34878-0. Ikitokea kwenye gemu moja, tatizo ni la gemu: sasisha, ukishindwa futa usakinishe upya. Ikitokea kwenye gemu nyingi, jenga upya hifadhidata, kisha hamisha gemu kutoka SSD uliyoongeza kwenda ya ndani ujaribu tena. Ikiacha, SSD ndiyo mgonjwa. Ikiendelea na konsoli iko moto, safisha vumbi kwenye matundu kabla ya kufikiria fundi.

Konsoli za zamani bado zinasasishwa?

Baadhi. PlayStation 3, konsoli ya mwaka 2006, bado imekuwa ikipata sasisho, kazi yake kubwa ikiwa kuhuisha ufunguo wa kusomea filamu za Blu-ray. Nintendo ilifunga maduka ya 3DS na Wii U Machi 2023 na kuzima uchezaji wa mtandaoni Aprili 2024, lakini ulivyokwisha kununua viliendelea kupakulika pamoja na viraka vyake. Duka la Xbox 360 lilifungwa Julai 2024 kwa mtindo huohuo. Mwenye mojawapo ya hizo na ashushe kila alichonunua pamoja na viraka vyake sasa, aweke kwenye hifadhi ya ndani, na asifomati konsoli bila sababu ya lazima.